Hela ya Januari

Kila ikitajwa habari ya TASAF, ule mfuko wa serikali unaopeleka hela kwa kaya maskini, kwenye daladala au pale tunaponunulia dagaa Kirumba mwaloni hapa Mwanza lazima atokee mtu aseme wale watu wa vijijini wanapewa hela za bure alafu wanaenda kunywea gongo, na wengine wanaitikia, safari inaendelea. Mimi hii kauli inaniuma kweli. Nina mama mdogo yuko kijijini wilaya ya Magu, upande wa ziwani, anapokea hiyo hela, na nimeona kwa macho yangu mwaka wake wa kilimo ukibadilika. Sisemi amekuwa na maisha mazuri, hapana, bado ni mtu wa hali ya chini, ila mwaka wake umekaa tofauti na zamani, na hicho ndo kitu nataka nielezee leo kwa urefu, maana naona kila mtu anauliza hela imenunua nini na hakuna anayeuliza imeingia mwezi gani.

Kwa ambao hawajakulia huku Usukumani wacha nieleze kidogo. Mvua zinaanza Oktoba kuelekea Novemba, pamba inaanza kupandwa katikati ya Novemba, mahindi na mtama vinawekwa ardhini, wenye majaruba wanamwaga mbegu za mpunga kitaluni wanasubiri maji yajae. Sasa ikifika Januari vitu vyote vinadai kwa pamoja. Pamba inataka palizi, mahindi yanataka palizi, miche ya mpunga imeshakua inataka itolewe kitaluni ikapandikizwe, jaruba lenyewe linataka kuvurugwa na ng'ombe na ng'ombe sio wako ni wa kukodi, na shule zimefunguliwa watoto wanataka madaftari na sare. Ada hakuna ni kweli, tangu 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazina ada, lakini mtoto haendi shule uchi na wala haandiki kwenye kiganja. Na hapohapo ndo chakula cha mwaka jana kimeisha ndani. Mahindi yaliisha Novemba, udaga, yaani mihogo iliyokaushwa, umebaki wa kuchungulia, watu wanakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni wanatafuta unga. Unga dukani upo, tena umejaa, ila ndo kipindi ambacho bei yake iko juu kuliko miezi yote. Njaa ya huku ndivyo ilivyo, chakula kipo unakiona, huna cha kukinunulia.

Kwaiyo mtu asiye na kitu anafanya nini? Anaenda kibarua. Na hapa naomba tuelewane vizuri maana hapa ndo penye kiini.

Mama mdogo kabla ya kuingizwa kwenye mpango, Januari na Februari zote alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri anaondoka na jembe lake kwenda kulima au kupandikiza kwenye majaruba ya watu wenye uwezo, anainama kwenye maji mpaka mchana, jioni analipwa, anapita dukani anachukua unga wa siku hiyo na dagaa kidogo, wanakula, kesho tena. Shamba lake la pamba, ekari moja na kitu, liko pale nyuma ya nyumba analiona kila akitoka na kila akirudi. Majani yanapanda. Pamba changa ikizidiwa na majani wiki za mwanzo haiinuki tena hata ukija kuipalilia vizuri baadaye, mkulima yeyote wa huku anajua. Yeye analijua hilo kuliko mimi na wewe. Ila kesho wajukuu wanne wanataka kula na pamba itauzwa kuanzia Mei huko, sasa utachagua nini? Anachagua kibarua. Akija kupata nafasi ya kupalilia ya kwake ni Februari mwishoni, na hapo anavuna nusu ya ambacho angevuna, na nusu hiyo haifiki mwaka, na Januari ijayo anaanza kibarua mapema zaidi.

Unakuta sasa mtu anapita barabarani anaona shamba limejaa majani anasema huyu mama mvivu. Mvivu! Mwanamke aliyelima mashamba ya watu watatu mwezi huo huo! Nguvu zake zote zilizaa chakula kwenye ghala la mtu mwingine, za kwake shamba lake hazikufika. Hili neno la uvivu likome jamani.

Na hili jambo sio la huku kwetu tu. Kuna utafiti ulifanyika Zambia, wilaya ya Chipata, ukachapishwa 2020 kwenye jarida kubwa la wachumi wa Marekani. Wakulima wadogo walipewa mkopo mdogo wa hela au mahindi mwezi Januari, kipindi cha njaa, warudishe baada ya kuvuna. Kilichotokea ni kwamba familia zilizopewa zilipunguza kwenda kibarua, zikabaki kwenye mashamba yao, zikavuna zaidi, na watu walirudisha mkopo. Alafu kuna kitu kingine ambacho binafsi kilinifurahisha zaidi, malipo ya kibarua kijijini yakapanda, kwa sababu watu wa kuhangaikia kibarua walipungua kwaiyo mwenye shamba kubwa ikabidi aongeze dau. Yaani hata jirani ambaye hakupewa kitu naye alilipwa vizuri zaidi kwa jasho lake. Niliposoma hilo nilimwona mama mdogo kabisa, kama wale watafiti walikaa mlangoni kwake.

Sasa turudi TASAF. Mfuko wenyewe ulianza 2000, ila kazi ya mwanzo ilikuwa zaidi miradi, madarasa, zahanati, visima. Huu wa kupeleka hela mkononi kwa familia, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ni wa awamu ya tatu iliyoanza 2012, alafu kipindi chake cha pili kikazinduliwa 2020, na umegusa kaya zaidi ya milioni moja nchi nzima. Watu wanachaguliwa kwenye mkutano wa kijiji, majina yanatajwa hadharani, baadae kunajazwa dodoso la hali ya kaya, nyumba imeezekwa na nini, watu wangapi wanalala humo, wanakula mara ngapi. Malipo yalipangwa kwenda kila baada ya miezi miwili na wapokeaji wengi ni kina mama. Kuna masharti, mtoto aende shule na mdogo apelekwe kliniki.

Kiasi chenyewe kwa mtu wa mjini ni kidogo sana. Viwango vya mwanzo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, unaongezewa 4,000 kama kuna watoto, alafu kuna nyongeza za mtoto anayesoma na anayepelekwa kliniki, na juu kabisa kaya haikuweza kuzidi 38,000 kwa mwezi. Mtu wa hapa Mwanza mjini elfu thelathini anaimaliza wikendi moja Capri Point na hakumbuki. Ndo maana wengi wanauliza hela kama hiyo itamsaidia nini mtu. Swali zuri, na jibu lake linategemea umesimama wapi. Kama unga wa familia yako kwa siku ni wa shilingi elfu mbili au tatu, basi hela ya miezi miwili ikija kwa mkupuo ni siku nyingi ambazo huhitaji kwenda kuuza mgongo wako. Hizo siku ndo palizi ya ekari moja.

Mwaka ule wa kwanza malipo yalimkuta mama mdogo Januari, hatukupanga, ilitokea tu. Alinipigia simu akaniambia "Mwanangu, nimenunua udaga gunia, nimeweka ndani." Mimi nikamwambia mama mbona hela yote umemaliza kwenye udaga, ungenunua hata kuku ukafuga, maana kichwani kwangu nilikuwa na zile habari za semina, ufugaji, ujasiriamali. Akanijibu taratibu, hana haraka yule, "Sasa hivi nipo shambani kwangu, saa tatu hii. Mwaka jana saa hizi ningekuwa shambani kwa nani?" Sikuwa na la kusema. Gunia la udaga lilikuwa limemnunulia zaidi ya wiki tatu za kukaa kwenye pamba yake mwenyewe, yeye na baba mdogo ambaye mguu wake mmoja haufanyi kazi vizuri lakini kukaa chini kung'oa majani anaweza, na wajukuu wakitoka shule wanaongeza mikono. Wakapalilia mapema. Wakarudia tena palizi ya pili kwa wakati, kitu ambacho nadhani kilikuwa hakijawahi kutokea tangu baba mdogo aumie.

Msimu ule walivuna pamba ambayo ilinifanya mimi niulize mara mbili kwenye simu. Sitataja kilo maana sikuwa na mzani, ila chumba kilijaa mpaka wajukuu wakahamishiwa kulala kwa jirani.

Kuna jambo lingine la kipindi hiki cha njaa ambalo watu wa mjini hawalijui kabisa, nalo ni kuuza mpunga ukiwa bado mbichi jarubani. Mtu ana jaruba lake limeota vizuri, Februari au Machi njaa imekaza au mtoto ameugua, anakuja mfanyabiashara anamwambia chukua hela hii leo, ukivuna unipe magunia kadhaa. Bei anayomwekea ni ya kulia. Anavuna Mei au Juni, mpunga wote unapakiwa kwenye kirikuu unaondoka, yeye anabaki na mabua. Tena unapimwa kwa lumbesa, gunia limejazwa mpaka limevimba juu kama mimba, na linahesabiwa moja. Asiye na jaruba anaingia kwenye hii mikopo ya kausha damu, anakopa elfu hamsini anarudisha kila siku au kila wiki, anachukuliwa hadi godoro. Mama mdogo amepita kote huko kabla ya mpango. Tangu aanze kupokea hajauza mpunga mbichi. Hiyo tu, hata asingenunua kuku mmoja, kwangu mimi ingetosha kusema hela imefanya kazi, kwa sababu mpunga ukivuna ukauweka ndani ukauza Novemba au Desemba unakuta bei tofauti kabisa na ya Juni, na faida hiyo ilikuwa inaenda kwa mfanyabiashara miaka yote.

Kuku alikuja kununua baadae, malipo ya kipindi cha mavuno. Ndo hapo nikagundua kuwa hela ileile, kiasi kilekile, ikimkuta Juni ndani kuna chakula inaenda kwenye kuku, mbuzi, bati. Ikimkuta Januari inaenda tumboni na kwenye shamba. Wapimaji wakija na madodoso yao wanauliza umenunua nini cha kudumu, wanafurahi kuona mbuzi. Mbuzi anaonekana, anapigwa picha. Wiki tatu za palizi hazipigwi picha, ila bila hizo mbuzi huyo angeuzwa Januari inayofuata kwa bei ya kutupa.

Na hela ikija kidogokidogo au ikija kwa mkupuo nako inabadilisha inaenda wapi, hilo limepimwa vizuri ng'ambo ya ziwa letu hilihili, upande wa Kenya, huko Siaya. Shirika la GiveDirectly lilipeleka hela moja kwa moja kwenye simu za watu kupitia M-Pesa, eneo la Rarieda, wakichukua familia zenye nyumba za nyasi, bila masharti yoyote, na wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia, matokeo yakachapishwa 2016. Waliopewa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu kama bati. Na pombe na sigara hazikuongezeka. Kuhusu bati watu wanasema ni kujionyesha, sio kweli, nyasi zinataka kubadilishwa kila mara na nyasi zenyewe siku hizi zinanunuliwa, alafu ukiwa na bati unakinga maji ya mvua, mtoto haamki usiku kusogeza godoro, na gunia lako la mpunga halilowi.

Baadae hukohuko Siaya wakafanya kwa ukubwa, vijiji 653, zaidi ya familia elfu kumi zikapewa takribani dola elfu moja kila moja, na waliofuatilia walikuta kila dola iliyoingia ilizunguka ikaongeza uchumi wa eneo kwa kama dola mbili na nusu, huku bei za vitu zikipanda kidogo sana mpaka unaweza kusema hazikupanda. Maana mwenye hela anamwita fundi, fundi anaenda kwa mama ntilie, mama ntilie ananunua dagaa kwa mvuvi. Yale maneno ya kwamba ukiwapa maskini hela unapandisha bei kijiji kizima, pale hayakutokea.

Na kama kuna anayesema hao ni Wakenya, sisi tuna ya kwetu. Majaribio ya mwanzo ya kupeleka hela kupitia TASAF yalianza 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yakafuatiliwa kitaalamu, na kilichoonekana ni familia kukata bima ya afya ya jamii, watoto kuvaa viatu, na watu kununua kuku na mbuzi. Viatu jamani. Mtoto wa kijijini anayekanyaga kila kitu kuanzia matope mpaka mavi ya ng'ombe akipata viatu ni afya hiyo. Mama mdogo naye alikata bima hiyo ya jamii, CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa watu sita kwa mwaka, na mjukuu wa mwisho alipolazwa na malaria hakuna kitu kiliuzwa nyumbani. Huko nyuma malaria moja ilikuwa inaondoka na mbuzi.

Sitaki nionekane nasema kila kitu kimenyooka. Jirani wa mama mdogo, bibi anayeishi na mjukuu mmoja, hakuingia kwenye orodha, na ukiwaangalia hao wawili huwezi kusema yupi ana nafuu. Hii inaleta maneno kijijini, tena maneno mazito. Mtu anaacha kuomba chumvi kwa jirani, mwingine akipoteza kuku anasema wenye TASAF wamekula. Mama mdogo anachofanya ni kwamba malipo yakitoka anampelekea yule bibi unga kidogo, na msimu wa palizi amekuwa anamwita amsaidie siku mbili tatu na anamlipa. Aliyekuwa mtu wa kuomba kibarua sasa anatoa kibarua, ingawa ni kidogo, na hilo nilipoliona kwa macho nilishindwa kuzuia machozi, nikajifanya naangalia mbuzi. Baba mdogo naye mwanzoni alinuna, hela inakuja kwa jina la mke, simu ni ya mke, namba ya siri anaijua mke. Siku hizi wanakaa wote na daftari la mjukuu wanaandika kwanza kabla ya kwenda kwa wakala. Sijui walizungumza nini huko ndani, ni mambo yao.

Kwenye mpango kuna pia sehemu ya ajira za muda, walengwa wanafanya kazi za jamii, kuchimba lambo, kutengeneza barabara ya kijiji, kupanda miti, kwa ujira ambao viwango vya mwanzo ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku na siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Mimi hii kazi naiunga mkono, lambo la maji huku ni uhai kwa ng'ombe na watu. Ila popote inapopangwa naomba wapangaji waulize wakulima kwanza. Huku kwetu kuanzia Agosti mpaka Oktoba pamba imeshauzwa, mvua bado, mikono ipo nyumbani. Hizo ndo siku za kuchimba lambo. Ukimtoa mtu shambani Januari kwenda kuchimba, umemrudishia kibarua kilekile, umebadilisha tu mwenye shamba.

Sasa hivi kijijini maneno ni ya kuhitimu. Kaya ambazo hali zao zimeonekana kupanda zinatolewa ili wengine waingie, na nchini kaya nyingi zimeshahitimu. Mama mdogo ana mbuzi sita, bati nyumba moja, yupo kwenye kikoba cha kina mama wa kitongoji, kwaiyo anajua zamu yake inakaribia na hana kinyongo, ameniambia mwenyewe afadhali aingie yule bibi. Nilimuuliza akitolewa atafanyaje, akaniambia anahitaji msimu mmoja tu wa kujua mapema, aweke akiba ya udaga na mpunga wa kumvusha Januari ya kwanza isiyokuwa na malipo. "Wakiniambia wakati wa mavuno nitajipanga, wakiniambia mvua zimeanza watakuwa wamenirudisha kule." Kwaiyo kwa yeyote anayehusika na kupanga tarehe hizi, ofisini au kwenye vikao vya kijiji, ombi la mama mdogo na langu ni moja. Majina ya wanaohitimu yasomwe Juni au Julai watu wakiwa na mpunga ndani, na malipo ya mwisho yawe yale yanayofika kabla palizi haijaanza.